Akiugua Aitwe Nani

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa aibu kidogo na kicheko kingi. Nasikia umemaliza kujenga vyumba vyako vitatu vya wageni na watu wameanza kukupigia simu, huyu anataka siku mbili, yule anataka mwezi mzima, na wewe hulali ukijiuliza ni nani wa kumkaribisha. Basi kaa nikueleze nilivyokaribia kuiponza nyumba yangu kabla rangi ya milango haijakauka.

Nilikuwa bado msichana tu. Mimi na mume wangu tulifungua gesti ya vyumba vinne hapa Tunduma, jirani na barabara ya kwenda Zambia. Yeye alikuwa dereva wa lori, akasafiri, akaniachia funguo na neno moja tu: nyumba hii ikipata jina baya, itafungwa, na hatuna nyingine. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Isansa kunisaidia. Mimi nilimwona mtu wa shamba asiyejua biashara. Siku hizo nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi moja kilibaki chumba kimoja, cha nyuma. Akaja kwanza mfugaji wa Kisukuma kutoka bondeni Momba, amevaa viatu vya matairi, akanisalimia kwa adabu.

"Mama, naomba chumba cha wiki tatu. Mke wangu ni mjamzito, daktari amesema tusikae mbali na hospitali. Na kama kuna mahali pa kupikia, tutashukuru."

Nikamtazama miguu. Nikawaza vumbi, nikawaza moshi, nikawaza hata ng'ombe ambao hakuja nao. Nikamwambia vyumba vimejaa. Akashukuru, akaondoka.

Haikupita saa moja, akaja mwingine. Huyu alivaa shati lililopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Akanisalimia kwa Kinamwanga, lugha ya mama yangu, akaniita dada, akataja hadi kijiji cha wajomba zangu. Nikalainika kabisa. Alitaka chumba mwezi mzima, na yuko tayari kulipa wote siku hiyo hiyo. Ila asiingie mtu kufagia, na jina lake lisiandikwe kitabuni.

"Kitabu ni cha wageni, dada. Mimi na wewe si wa nyumba moja?"

Nikakifunga kitabu, mwanangu. Nilikifunga mwenyewe, kwa mkono huu.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo, na yote ameyasikia. Akainuka taratibu, akamletea yule bwana maji ya kunywa.

"Karibu, baba. Nikuulize, ukiugua hapa kwetu, nimpelekee nani habari?"

Akacheka. "Mimi siugui, mama."

"Tunaugua wote. Nimwite nani?"

"Wa nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Hapo kicheko kikakatika. Akasema amekuja kulala, hakuja kuhojiwa, na gesti nyingine ni nyingi mjini. Akabeba begi lake akatoka. Maji hakuyagusa.

Nililia kwa hasira. "Mama, umenifukuzia mteja wa mwezi mzima!"

Wala hakuacha maharage yake. "Nimemtakia mema, akakimbia. Mtu wa namna hiyo ndiye unataka akae na funguo zako? Eti Kinamwanga! Hicho hata mimi nakiongea, na kwenu sikuzaliwa. Na yule wa kwanza ulimuuliza nini?"

"Sikumuuliza, mama."

"Uliiuliza miguu yake. Nenda kamtafute."

Niliona haya njia nzima. Nilimkuta nje ya hospitali, amekaa kivulini na mkewe na mzigo wao. Nikamwambia chumba kipo, nikamuuliza lile swali kwa sauti ndogo. Wala hakufikiri.

"Mimi naitwa Masanja. Mdogo wangu ni Jilala, yuko Kamsamba, madereva wa magari ya mpunga wote wanamfahamu. Andika na jina la mke wangu, Kabula. Huyu ni mzima kuliko mimi, mgonjwa wa siku zote ni mimi."

Na kweli, wiki ya pili malaria ikamwangusha hadi akawa anaongea asiyoyajua. Kabula tumbo limeshuka, hata kuinama hawezi. Nilishikwa na hofu mpaka nikakumbuka kitabu. Nikampa dereva wa gari la mpunga ujumbe, na kesho yake mchana Jilala akafika na mama yao mzazi. Masanja akapona. Kabula akajifungua salama mtoto wa kike. Uwanja wangu ukanuka maziwa na ule moshi niliouogopa, na mimi nilikuwa na furaha ambayo hadi leo nikiikumbuka natabasamu.

Yule mwenye viatu vinavyong'aa alipokelewa gesti ya mtaa wa pili. Mwezi haujaisha, polisi wakaja kumtafuta, wakakuta ameshakimbia, na mama wa watu mwenye gesti hakuwa hata na jina la kuwapa. Nyumba yake ikafungwa. Nilimhurumia sana, maana pole zile zingekuwa zangu.

Kwa hiyo mwanangu, anayetaka kukaa sana muulize kimekuleta nini, na kwa nini siku zote hizo, na ukiugua nimwite nani. Uliza kwa upole, kama mtu anayemjali, kisha umjali kweli. Andika majibu mbele yake, na kesho yake mpeleke akamsalimu mwenyekiti wa mtaa. Haraka yake ya kulipa isikuzibe masikio, wala lugha ya kwenu, wala viatu. Anayeudhika kwa kuulizwa hivyo mwache aende, hata kama vyumba vyote vitalala vitupu.

Mungu akibariki kizingiti chako, akuletee wageni wenye majibu. Na siku wewe utakapofika ugenini umechoka, miguu ina vumbi, akukutanishe na mwenye nyumba atakayekuuliza: mwanangu, ukiugua hapa, nimwite nani?