Mwalimu wa Fani na Maudhui

Telesphor Rwegasira hakuwa mtu wa kusoma hadithi kwa raha. Kwa miaka mingi alifundisha fasihi katika sekondari moja nje ya Bukoba, na wanafunzi wake walifaulu, kwa sababu aliwafundisha kuichambua hadithi kama kuku aliyechinjwa: huku manyoya, huku utumbo, huku firigisi. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo wa mwandishi, kila kiungo na bakuli lake. Kwamba kuku huyo aliwahi kuwika, hilo halikuwamo kwenye mtihani.

Hounslow, pembezoni mwa London, alikofika baada ya mkewe Jacqueline kupata kazi ya uuguzi, hakuna aliyekuwa akimtafuta mtu wa namna hiyo. Akaajiriwa kwenye jiko kubwa karibu na Heathrow, linalopika chakula cha ndege. Yeye ni wa kupanga trei: mkate hapa, saladi pale, kijiko upande ule. Kazi haikumshinda. Kilichomkera ni kuitwa "Tel" na vijana wadogo kuliko wanawe. Ndiyo maana kila Jumamosi alivaa tai, akabeba mfuko wake wa vitabu, akaenda kwenye ukumbi wa kanisa kufundisha Kiswahili watoto wa Watanzania, Wakenya na Wakongo. London nzima, pale tu ndipo alipokuwa bado mwalimu.

Watoto wenyewe ni wazaliwa wa hapa. Ukisema nao Kiswahili wanaelewa, majibu yanakuja kwa Kiingereza. Telesphor hakujali. Aliwasomea hadithi, kisha akageukia ubao, akaandika FANI kwa herufi kubwa, akapiga mstari, akaandika MAUDHUI, na watoto wakaanza kutazama dirishani. Wazazi lakini walifurahi. Thérèse, mama wa Kikongo kutoka Uvira anayehudumia wazee majumbani mwao, kila alipokuja kumchukua binti yake alichungulia mlangoni na kuuliza swali lile lile: "Mwalimu, hadisi ya leo inafundisha nini?" Telesphor alimjibu papo hapo, maana jibu lilikuwa ubaoni.

Binti huyo, Miradie, alikuwa na miaka kumi na mitano. Wenzake walikuja kwa kusukumwa. Yeye alikuja kwa kupenda. Mwanzoni alisikiliza hadithi mdomo wazi. Siku hizi mdomo ulikuwa umefungwa. Darasa lilikuwa likipungua, na hao wachache waliobaki walikuwa wakimfuata yeye. Akiondoka, wataondoka naye, na ukumbi utapewa wale wa mazoezi ya viungo ambao tayari walikuwa wakiuulizia. Telesphor alilijua hilo vizuri, ila hakujua la kufanya isipokuwa kuongeza vipengele.

Jacqueline alijaribu kumwambia. "Baba Luc, wewe hata nikikupikia ndizi utatafuta dhamira. Waache watoto wale washibe."

"Samaki mkunje angali mbichi."

"Mkunje, nani kakukataza? Usimvunje tu."

Jumamosi moja zamu ilikuwa ya majigambo. Telesphor aliwaeleza kwamba kwao Kagera mwanamume husimama mbele ya watu, mkuki mkononi, akajisifu kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe. Halafu, kama kawaida yake, akayaua majigambo hayo kwa kuandika sifa zake tano. Alipogeuka, Miradie alikuwa ameshavaa koti.

"Mwalimu, mimi sitarudi Jumamosi ijayo. Sorry. I used to love stories. Sasa kila hadisi naona kama homework. Hata zile za kwetu nyumbani."

Iliuma. Wanafunzi waliofeli aliwahi kuwa nao, na alilala usingizi. Lakini huyu alikuja na kitu chake mwenyewe mkononi, naye mwalimu ndiye aliyempokonya.

Miradie alishika kitasa, kisha akageuka. "Na hii majigambo. Wewe mwenyewe ulishafanya?"

Alishafanya, mara moja tu, siku ya harusi yake mbele ya wakwe, na katikati akasahau maneno mpaka shangazi yake akapiga vigelegele kumsitiri. Tangu hapo hakuthubutu tena. Mtu hujigamba kwa ushindi, na yeye hapa London alikuwa ameshinda nini? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Angeweza kusema muda umekwisha, na watoto wangefurahi. Badala yake alikwenda kwenye kona, akachukua ufagio, akaunyanyua juu, na sauti iliyomtoka hakuitambua.

"Ndimi Telesphor, mwana wa Rwegasira!
Baridi ya Hounslow ilinikuta, ikanipa njia!
Nawalisha watu walio juu ya mawingu,
mimi ambaye sijapanda ndege tangu ile iliyonileta!
Ndimi niliyejaza madarasa,
wakinyanyuka wote nikipita mlangoni!
Leo nina viti vya plastiki,
na mbora wao ameshavaa koti!"

Riyadh, kijana ambaye wazazi wake ni wa Mombasa, alicheka mpaka kiti kikampindukia. Wengine walipiga meza. Telesphor alisimama na ufagio wake, tai imekwenda upande, akihema, na aibu ikimpanda polepole toka shingoni. Miradie hakucheka. Aliutazama ubao, akamtazama yeye.

"Ile line ya mwisho haiko kwenye sifa tano," alisema. "Hiyo si kujisifu."

"Haiko," Telesphor alikiri. Miradie akatoka bila kusema kama atarudi.

Wiki hiyo trei zilipita mbele yake mkate ukiwa upande wa saladi, na msimamizi akamgombeza. Jumamosi alifika ukumbini mapema, akashika chaki, akaandika herufi F, kisha akaifuta kwa kiganja. Watoto waliingia wakakaa. Kiti cha Miradie kilikuwa kitupu. Alianza kusoma hadithi, huku jicho moja likiwa mlangoni, na alikuwa ameshapoteza mstari mara mbili pale mlango ulipofunguliwa.

Miradie hakuomba radhi kwa kuchelewa. Alikwenda moja kwa moja mbele, mwavuli umefungwa mkononi, akaunyanyua.

"Ndimi Miradie, mtoto wa Thérèse,
niliyezaliwa hapa Isleworth, si Uvira!
Mama ananiita kwa Kiswahili, naitika *what*.
Kanisani anasema, 'Huyu wangu, luga ilimushinda.'
Ndimi niliyeelewa yote!
Siku walimzika koko, mama yake mama,
nilisikia yote kwenye simu.
Mama akafuta macho, akaniambia, 'Ni vitunguu.'
Jikoni hakukuwa na kitunguu hata kimoja.
Ndimi niliyeelewa yote,
nikajibu kwa Kiingereza!"

Hakuna aliyepiga meza. Telesphor aligeuka kutafuta mahali pa kutazama, ndipo akamwona Thérèse. Alikuwa amemleta binti yake, na badala ya kukimbilia basi la kazini alikuwa amebaki pale mlangoni na sare yake ya bluu, mkoba umemning'inia kwenye kiwiko. Aliupandisha mkoba begani, akauliza lile lile la siku zote.

"Mwalimu," alisema, "na hiyo… inafundisha nini?"

Telesphor aliutazama ubao. Ulikuwa mtupu.

"Hata mimi sijui, mama," alisema. "Miradie, rudia."

Miradie akarudia tangu mwanzo, safari hii amegeukia mlangoni. Alipofika kwenye vitunguu, mama yake aliinua mkono na kusema, "Okay, okay, stop," kwa Kiingereza, na binti hakuacha.