Mashine ya mayai iliponiita kwa majina matatu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Hili nimeliona kwa macho yangu hapa Butiama. Siongezi chumvi.

Waliokuwepo: mimi Nyangeta. Neema, mjukuu wangu, binti wa mwanangu Wambura, anasomea kompyuta Musoma, alikuwa likizo. Na Bhoke, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyekuja kutoka Kisorya na furushi la dagaa.

Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita kikamaliza kuku wangu wote. Mbegu ya kuku hao nilipewa na mama mkwe, Nyabweke, mwaka nilioolewa. Nikabaki na mayai thelathini tu. Yakiharibika, mbegu ya Nyabweke ndiyo basi.

Neema akasema, "Bibi, tutayalalia sisi."

Akatengeneza sanduku la mbao, taa mbili, feni, kipima joto, vyote vimeungwa kwenye laptop yake. Programu akaiandika mwenyewe. Ndani akaweka kitu kinaitwa logging. Yaani kila linalotokea linaandikwa kwenye faili, na kila mstari una daraja lake: DEBUG ni mashine inajisemea yenyewe, INFO ni habari za kawaida, WARNING ni tahadhari, ERROR ni mambo yameharibika.

Kosa la kwanza: vyote vilikuwa vinakuja kwenye simu yangu.

Joto limesomwa. Feni inazunguka. Joto limesomwa tena. Mpaka kanisani! Bhoke alikuwa kakaa pembeni yangu, akaninong'oneza, "Wifi, huyo mchumba hajui leo ni Jumapili?"

Nikamwambia Neema ainyamazishe. Akabadilisha mstari mmoja tu, simu ikawa inapokea ERROR peke yake.

Raha iliyoje. Siku tatu kimya.

Siku ya nne, saa sita mchana, mimi na Bhoke tunachambua dagaa. Akaegemeza mkono kwenye sanduku.

"Wifi, mayai yako yanalala kaburini? Mbona baridi?"

Nikaacha dagaa, wakuu. Tukafungua, taa moja imeungua. Nikachomoa taa ya sebuleni, tukaiweka mahali pake, tukafunga sanduku haraka, nikalifunika na kitenge, nikaacha matundu ya hewa.

Neema akafungua faili. WARNING, joto linashuka. WARNING, joto linashuka. Mara kumi na moja tangu asubuhi!

"Ilikuwa inasema, bibi. Mimi ndiye niliyeiziba mdomo."

"Na mimi ndiye niliyekutuma."

Hapo nikamfundisha tunavyoitanaga nyumbani. Ukiitwa jina moja, unaitikia huku unaendelea na kazi. Ukiongezewa la baba, unaacha kazi. Ukitajiwa mpaka babu, unakimbia na mwiko mkononi!

Neema alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaandika hivyohivyo. DEBUG na INFO zikabaki kwenye faili, tutasoma tukitaka. WARNING inatuma ujumbe: Nyangeta Majura. ERROR inalia kama kengele: Nyangeta Majura Masatu!

Sasa tunangoja. Kama yalikufa kwa baridi ile, nani ajuaye?

Siku ya ishirini na moja tangu tuweke mayai, nasonga ugali, simu ikalia. Nyangeta Majura Masatu! Kipima joto hakisomi!

Nilikimbia na mwiko, unga mpaka kwenye kiwiko. Bhoke nyuma yangu: "Taratibu wifi, utavunjika kabla ya mayai!"

Nikafungua. Kifaranga kimoja, bado kimelowa, kimeng'oa waya wa kipima joto na kimeukalia.

Waliototolewa ni ishirini na mmoja. Yule wa waya nimempa jina Nyabweke, maana naye alikuwaga hakai mahali bila kugusa kitu.

Nilichojifunza: chombo kikipiga kelele kwa kila kitu, utakinyamazisha, na siku ya hatari utakuwa umeliziba sikio lako mwenyewe. Msikizime. Kipangieni sauti.

Wataalamu wa hizo logging, nyie mnapangaje?

Na Bhoke anasisitiza taa iliyoungua ni ya kushoto. Mimi nakumbuka ya kulia. Wifi, najua unasoma humu. Kama nimekosea, nisahihishe, ila uniite jina moja tu.