Bei ya Shimo Dogo

Mtaani walimwita Mama Pini, kwa kuwa pini hazikumtoka mdomoni. Kutwa nzima alikaa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, mguu juu ya kanyagio la cherehani, pini zimebanwa kati ya midomo, akisalimiana na watu kwa pembe moja ya kinywa. Kila mshono ulipofika mwisho aliinamisha kichwa, akauleta uzi kwenye meno ya mbele, akaukata.

Mkasi ulikuwepo, mkubwa na mweusi, ukining'inia kwa utepe mezani. Lakini fundi mzee aliyemfunza kazi alimwachia amri moja: "Mkasi wa kitambaa usikate uzi. Utapoteza makali, na fundi wa mkasi butu hulala njaa." Basi meno yakawa mkasi wa pili, miaka nenda miaka rudi, mpaka jino moja la juu likamomonyoka ncha, na penye mmomonyoko pakaingia kishimo cheusi.

Mumewe, fundi wa kupaka nyumba rangi, ndiye aliyemsukuma kwenda kliniki.

"Mke wangu, siku hizi unakunywa maji kama kuku, shingo juu. Nenda ukatazamwe."

Daktari wa meno alikuwa binti mpole mwenye mikono midogo. Alimulika, akaligonga jino taratibu kwa chuma chembamba, akalipiga picha.

"Una bahati, mama. Limetoboka, lakini shimo halijafika kwenye mshipa. Tunasafisha, tunaziba, unarudi kazini." Kisha akataja bei.

Mama Pini aliinuka ghafla kutoka kwenye kile kiti cha kulalia. "Kwa kishimo hiki? Hata punje ya mchele haienei!"

"Bei haifuati ukubwa wa shimo, mama. Kuna sindano ya ganzi, kuna dawa ya kuzibia, kuna vyombo vinavyochemshwa kila akitoka mgonjwa. Na kuna mkono wangu."

"Basi punguza huo mkono, mwanangu."

Binti alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ukichelewa, uozo utafika kwenye mshipa. Hapo itabidi tutibu mzizi, uje hapa mara kwa mara, na mwisho jino livalishwe kofia. Hiyo ni bei nyingine kabisa, ya leo haioni ndani. Ukichelewa zaidi, utaisikia bei kwa watu wa hospitali kubwa, si kwangu."

Mama Pini angepaswa kumwelewa kuliko mtu yeyote. Haikupita siku bila mteja kumwambia, "Kupunguza suruali tu? Si uzi tu huo!" naye akamjibu, "Uzi chukua bure. Lipa mkono." Lakini nyani haoni kundule. Kichwani mwake palikuwa na kitu kimoja tu: mashine ya overloki, ile inayofunga kingo za nguo zisifumuke. Kwa kukosa mashine hiyo alikuwa akipoteza kazi za sare za shule, zikienda kwa mafundi wa barabara kuu. Pesa yake ilikuwa imekaribia kutimia. Akiimegua kwa ajili ya jino, sare za mwaka huo zingempita.

"Nitarudi," alimwambia daktari, kwa sauti ileile waliyoitumia wateja wake wasiorudi.

Overloki ikaja. Mumewe aliibeba begani mpaka kibarazani, na majirani wakaja kuishangaa. Sare nazo zikaja, lundo juu ya lundo. Mama Pini alishona huku karafuu imekaa juu ya jino, na usiku alimeza vidonge vya maumivu. Kisha asubuhi moja aliamka, akanywa maji ya mtungini, asisikie kitu.

"Limepona!" alimwambia mumewe. "Na yule binti alitaka kunichuna."

Halikuwa limepona. Mshipa ulikuwa umekufa, na juu ya mzizi usaha ulikuwa ukijikusanya kimyakimya. Sare zilipokuwa karibu kwisha, mdomo wa juu ulivimba. Akajifunga kitambaa, akaendelea. Kesho yake uvimbe ukapanda shavuni, na jioni jicho likafumba. Mumewe aliporudi alimkuta ameegemea cherehani, anatetemeka kwa homa, pini zimetawanyika sakafuni.

Hospitali kubwa walimpasua ufizi, wakamtundikia dripu. Jino lile wakaling'oa pamoja na mwenzake wa jirani, kwa kuwa mfupa unaoyashika ulikuwa umeliwa. Siku zikapita akiwa kitandani. Dawa zilikuwa za kununua, kitanda cha kulipia, na fundi rangi alikuwa ameshakopa kila alipoweza kukopa.

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akatazama viganja vyake vyenye madoa ya rangi.

"Mama nanihii," alisema, kama alivyomwita zamani alipotaka kumchekesha. "Ile mashine..."

Uso wote wa Mama Pini ulikuwa bandeji. Aliitikia kwa kichwa kabla mumewe hajamaliza.

Ilinunuliwa na fundi mmoja wa barabara kuu, kwa bei ya mtu ajuaye kuwa muuzaji ana mgonjwa.

Siku aliyorudi kibarazani, mahali pa overloki palibaki alama ya miguu minne kwenye vumbi. Mteja alikuwa ameacha suruali ya kupunguzwa. Mama Pini aliikunja, akabana pini midomoni. Moja ikateleza, ikaanguka. Akashona upindo mpaka mwisho. Akainamisha kichwa, akauleta uzi kinywani, akauma.

Uzi ulipita kwenye pengo, mzima.

Akajaribu tena kwa upande. Kisha akanyoosha mkono, akautoa mkasi mweusi kwenye utepe wake, akaukata uzi.