Yona, Msomaji wa Mguu Wangu

Nakataa hadi sasa hivi. Shemeji, mke wa Yona, aliponipigia juzi kusema Yona hayupo tena, nilimwambia, "Mpe simu aniambie mwenyewe."

Jamani! Nilidhani ni utani. Yeye Mhehe, mimi Mgogo wa Kongwa, sisi watani hatuaminiani hata kwenye salamu.

Shemeji akalia. Ndipo nikakaa chini.

Wengi mnamjua Yona kama mlinzi mwenzangu wa getini, yule mrefu anayecheka na kila anayeingia. Mimi namjua kwa jambo jingine. Huyu mtu alikuwa anausoma mguu wangu.

Mwaka jana nilikanyaga msumari kazini. Mwingine angeita ambulance, mimi niliung'oa kwa vidole viwili nikamaliza shift. Lakini nina sukari, kidonda kikagoma. Daktari akasema tukizembea, mguu utakatwa.

Nikapewa sick leave. Nikalala nyumbani Area D, nikaanza kuuzika mguu kabla haujafa. Viatu vyangu vya kazi nikamgawia jirani. Vyote viwili!

Kidonda kilikuwa chini ya unyayo, na mimi mwili wangu ni wa kishujaa, kifua kimeteremka hadi hapa mbele, huko chini sioni. Mke wangu nilimkataza kuangalia. Basi Yona akafundishwa na nesi, akawa anapita kila asubuhi kutoka Majengo kabla ya shift, anaosha, anafunga.

"Lindo likoje?" namuuliza, mguu wangu uko mikononi mwake.

"Shwari, mtani."

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Shwari naijua mimi! Nimeiandika miaka kwenye kitabu cha handover, kile cha kukabidhiana zamu, tena asubuhi, kwa ajili ya jioni. Kuna siku ng'ombe kumi na moja waliingia getini wakala maua yote ya supervisor, kitabu kinasema shwari.

Nikaanza kumchunguza. Mbona anapiga mluzi akifungua bandeji? Mbona akitoka anasimama uani na mke wangu, wanaongea chinichini? Nikaona tayari wameshaelewana na daktari, siku ya kukata wanaijua, mimi tu ndiye sijaambiwa.

Siku moja wote wametoka, nikachukua kioo cha kunyolea nikakiweka sakafuni. Kidonda kilikuwa kikubwa kama kizibo cha soda, pembeni cheusi.

Kesho yake hata kiti sikumpa. "Wewe Mhehe ni mwongo."

Akachuchumaa. Halafu akasema, "Kweli. Siku ya nne hii hakijapungua. Niliogopa ukijua utaacha dawa."

"Si useme tu kwamba nakufa!"

"We Mgogo, hebu nisikilize. Ulifukuza panya stoo ukatuambia ni fisi. Tukacheka, yakaisha. Sasa kizibo cha soda umeshakifanya jeneza. Kuanzia leo nitakusomea kama kilivyo. Na wewe, nikikupa baya moja, usitunge mengine tisa."

Nikampa kiti. Na yule alikuwa fisi kweli, lakini tuyaache.

Tangu siku ile ikawa hivi: "Ukubwa uleule. Usaha hakuna. Leo tunaosha." Basi. Kesho hivyohivyo.

Nikianza, "Sasa wakikata, nani atanipa kazi...", ananikatisha. "Hilo nimekwambia mimi?"

"Hapana."

"Basi umetunga. Lete mguu."

Asubuhi moja akafungua bandeji, mluzi ukakatika. "Leo ni kibaya. Twende." Akanibeba mgongoni, mimi na uzito wangu huu, hadi kwenye bajaji. Wakanisafisha, wakanibadilishia dawa. Daktari akasema tungechelewa siku mbili tu, mguu ungeondoka.

Kuanzia hapo nilimwamini. Aliweza kunisomea baya, kwa hiyo hata zuri lake nikalipokea. Siku aliyosema "kimeanza kufunga", nililia, na mimi silii. Nikamtuma mke wangu kwa jirani akadai viatu.

Sasa Yona, pananiuma hapa. Mwezi uliopita nilikuona getini umeshika kichwa. Nikakuuliza, "Presha hiyo?" Ukanijibu, "Shwari."

Nikakubali! Mimi, ninayemshuku hata mchungaji akifumba macho kuomba, siku hiyo moja sikukushuku.

Mguu wangu ulinisomea. Kichwa chako hukunisomea. Kwa nini, mtani?

Nanyi mnaosoma hapa, nawaomba. Kupambana na mawazo mabaya sio kuficha ugonjwa. Kapimeni presha, ndiyo iliyomchukua Yona. Na mkiulizwa na anayewapenda, semeni kilichopo, kisha semeni leo mnafanya nini.

Leo kabla hatujatoka kwenda kuzika nilimwita mke wangu, nikamnyooshea unyayo kwa mara ya kwanza. Akaangaliaaa.

"Kimebaki kama punje ya mtama, baba Neema," akasema. "Ila ngozi imekauka, lete mafuta nikupake."

Sikumuuliza mara mbili.

Nimekubeba, Yona. Kutoka mlangoni kwako hadi kaburini, kwa miguu yangu miwili, na bega sikumpisha mtu. Wakisema natia chumvi, waulize waliokuwepo.

Lala sasa. Lala vizuri, mtani wangu.