Kumbikumbi wa Januari

Okochi, mpima pamba wa Busia, alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake. Basi mwaka wa 1937, bosi wake Mjapani, Bwana Kuroiwa, alipoanza kumuuliza, "Kumbikumbi wanatoka mwezi gani? Vyura wanalia lini?" alimshuku papo hapo. Mnunuzi wa pamba, kumbikumbi wa nini? Jasusi huyo!

Akaamua kumdanganya. Kila mtoto wa Busia anajua kumbikumbi huja na mvua, lakini Okochi alisema, bila haya, "Januari, bwana, kiangazi kikali." Kuroiwa akaandika.

Na kila mwezi kijitabu chembamba kutoka Japani kilishuka kwa gari-moshi Tororo. Kuroiwa alipitisha kidole kwenye kurasa akitafuta jina lake. Akiliona, anacheka peke yake. Asipolipata, hasemi na mtu siku nzima. Alieleza kwamba kijitabu kilianzishwa na walimu wanne wa mji wao: watu hutuma vishairi vya mistari mitatu, kila kimoja na kitu cha msimu wake, kama mdudu au mvua, na mzee mmoja huchagua vya kuchapwa.

"Mashairi!" Okochi alimwambia mkewe, Benedeta. "Hizo ni amri za jeshi."

"Baba Loy, na wewe umezidi," Benedeta alisema.

Mara moja tu ulimi ulimteleza. Walikuwa wamemzika Loy, mtoto wao wa pekee, na Kuroiwa akaja kutoa pole. Okochi, kwa uchungu, akamsimulia, kweli tupu, alichokiona kaburini asubuhi ya pili, baada ya mvua. Baadaye alijilaumu wiki nzima.

Desemba 1941 Japani ikaingia vitani. Polisi wakamkamata Kuroiwa na sanduku lake la vijitabu, na Okochi akaitwa Tororo. Afisa hakuwa na mzaha: yeyote aliyempa adui habari za kweli za nchi hii atafungwa pamoja naye. Kisha akamwamuru Kuroiwa asome vishairi vyake kwa Kiswahili.

"Januari. Jua kali. Kumbikumbi warukao."

"Uongo, bwana!" Okochi aliruka. "Nilimdanganya."

"Vyura walala juu ya miti, wangoja mwezi."

"Uongo pia!"

Kuroiwa akainua macho, kidole bado juu ya jina lake lililochapwa. Lo, aibu iliyomshika Okochi! Kumbe kweli yalikuwa mashairi, na miaka minne alikuwa akiyajaza upuuzi.

Kuroiwa akafungua kijitabu kingine. Sauti yake ikashuka.

"Kaburi dogo. Kumbikumbi watoka. Baba hawakamati."

Afisa akashika kalamu. "Na hii?"

Neno lilelile moja, uongo, na Okochi angekula ugali kwake jioni ile.

"Hiyo ni kweli, bwana," akasema. "Anaitwa Loy."