Pilote Anakaa Nyuma

Djibril ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na kwa kuwa alipewa jina la baba yetu, mimi humwita baba hata mbele ya watu. Kazi yake ni kupaka rangi mitumbwi pale bandarini Rumonge. Ukiona mtumbwi umeandikwa jina lenye kivuli, herufi zimelala kidogo kama zinakimbia, ujue ni mkono wake. Mimi kusoma najua kidogo tu, lakini herufi za Djibril nazitambua kwa mbali, kama unavyomtambua mtu wako kwa mwendo kabla hujamuona uso. Mwingine yeyote anayeandika mitumbwi hapa, anaandika kama kuku aliyekanyaga masizi. Niliwahi kuwaambia hivyo, wakanuna, lakini hakuna aliyebisha.

Mke wake alifariki zamani, binti zake wameolewa Bujumbura, akabaki na mimi na meza yangu ya kukatia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Ndipo akampenda Riziki, mjane anayeuza mawese sokoni, mwanamke wa kicheko kinachosikika mpaka kwenye maduka ya chumvi. Riziki naye akamkubali. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, nacho kilikuwa kigumu: baba mdogo wa Riziki, mzee Mulamba wa Kigwena, ambaye ndiye aliyemlea na ndiye wa kusema ndiyo au hapana.

Huyu Mulamba aliishi ng'ambo ya ziwa, Kalemie, miaka mingi, akifanya kazi kwenye uwanja wa ndege ndogo. Kupaka grisi, kufunga skuru, kubadilisha tairi. Alirudi huku na miwani na macho ya kukagua. Alishamkataa mchuuzi mmoja wa ndagala, wale samaki wadogo, aliyekuja kumposa Riziki, kwa sababu mzigo wake ulikuwa umefungwa vibaya nyuma ya baiskeli. Eti, "Mutu hajui kufunga kamba, nimupe mutoto?" Basi Riziki akatuletea ujumbe.

"Baba mudogo amesema musilete maneno," akasema. "Mulete kazi ya mikono ya Djibril aione. Na mitumbwi hataki. Anasema rangi ya mitumbwi makosa yake yanafichwa na maji."

Mimi niliposikia hivyo nilitaka twende siku ile ile nikamwonyeshe mzee yule mtumbwi mmoja mmoja. Djibril akacheka tu.

"Shangazi, tulia. Kazi ya kumuonyesha iko pale mezani kwako."

Ilikuwa ndege. Lazima niseme kwamba Djibril ana ugonjwa wa ndege tangu utoto. Ikipita moja juu ya ziwa, yeye huweka brashi mdomoni na kuinua uso mpaka ipotee, na ndevu zake zimekuwa za rangi zote kwa sababu hiyo. Emery, anayeuza chaguwa, nguo za mitumba, sokoni, alikuta katika belo lake boksi lenye picha ya ndege ndogo nyekundu. Akadhani ndani kuna ndege nzima ya kuchezea. Alipofungua akakuta vipande vya plastiki vimeshikamana kwenye vijiti, kama mifupa ya samaki mukeke baada ya watu kula. Hakuna aliyeitaka. Djibril aliichukua kama mtu aliyeokota mtoto.

Kwa hiyo meza yangu ya sombe ikawa karakana. Mabawa na mkia vilimwendea haraka. Kilichomtesa ni chumba cha ndani, pale anapokaa pilote, yule anayeiendesha, chumba kidogo kuliko boksi la kiberiti. Kina sakafu, viti viwili vinavyofuatana, usukani kama kijiti cha mswaki, na ubao mdogo wa saa. Ndege ina saa nyingi, sijui wanakimbilia wapi. Kina pia watu wawili wa plastiki, mmoja amevaa kofia yenye vifuniko vya masikio, mwingine kichwa wazi.

Kila kipande alikikata kwa wembe, akakisugua kwa msasa, akakiosha kwa sabuni ili mafuta ya vidole yasikatae rangi. Sakafu akaipaka kijivu, alichokipata kwa kuchanganya nyeupe na nyeusi na buluu kidogo iliyobaki kwenye mtumbwi wa mteja wake Bienfait. Brashi aliipunguza nywele mpaka zikabaki chache kama ndevu za paka. Mikanda ya viti akaikata kwenye karatasi ya majani ya chai. Ubao wa saa akaupaka mweusi, halafu kila saa akaizungushia nyeupe kwa ncha ya mwiba wa mchikichi. Wakati huo mimi sikuruhusiwa kukohoa. Nyumba ni yangu, meza ni yangu, na kikohozi natoka kukohoa uani.

Shida ikaja kwenye kole, yaani gundi. Karatasi ya maelezo ilikuwa imechanika, ikabaki nusu ya mabawa tu. Nusu ya chumba cha pilote haikuwepo. Akaniita.

"Shangazi, hivi usukani na saa vinakaa kwenye kiti cha mbele ao cha nyuma?"

"Unaniuliza mimi? Wewe umeshinda na mitumbwi maisha yako yote. Pilote anakaa wapi?"

"Nyuma, kwenye moteri."

"Na abiria?"

"Mbele. Lakini shangazi, ndege hii moteri yake iko mbele."

"Moteri ikae inapotaka. Pilote anakaa nyuma. Asipokaa nyuma ataonaje kama abiria ameanguka?"

Akakuna ndevu. Alijua, kama kila mtu ajuavyo kutoka Minago mpaka Nyanza-Lac, kwamba hakuna mtumbwi ambao pilote wake yuko puani. Akaupeleka ubao wa saa nyuma. Ukagoma, ulikuwa mpana, maana ndege inazidi kuwa nyembamba kuelekea mkia.

"Hauingii," akasema.

"Upunguze."

Akaupunguza kwa msasa huku na huku mpaka ukaingia. Viti akavigandisha kwa kole ya fundi viatu, ile kali. Kioo cha juu hakukigandisha kwa hiyo, kwa sababu aliijaribu kwenye kipande cha chupa ya maji na ikaacha ukungu mweupe. Kioo alikigandisha kwa kole nyeupe ya wanafunzi, ile ya karatasi. Ilipokauka, ungedhani hakuna kitu katikati ya kioo na ndege. Mimi mwenyewe, ambaye sisifu ovyo, nilimsifu.

Tukaenda Kigwena Jumapili, ndege iko ndani ya sufuria yangu kubwa, imezungukwa na kanga, nimeipakata. Mzee Mulamba alitukaribisha vizuri, salamu zikaisha, amahoro yakaisha, habari za mvua na za michikichi zikaisha. Riziki alikuwa nyuma ya pazia na kina mama wa pale, wali unanukia. Nikafunua sufuria.

Mzee akaishika ndege kama yai. Akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akatazama bawa, akatazama tairi, akapitisha kucha kwenye maungio. Halafu mzee akainua miwani na kuweka jicho lenyewe kwenye kioo. Akakaa hapo muda.

"Mama Nasoro," akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "huyu wa nyuma mwenye kofia ya masikio ni nani?"

"Ni pilote."

"Na huyu wa mbele?"

"Abiria."

"Kwa hiyo abiria anaona njia, na pilote anaona kisogo cha abiria."

"Kama kwenye mutumbwi," nikasema.

"Hii iko mutumbwi?"

"Ina moteri, ina pilote, inabeba watu. Tofauti uniambie wewe."

Nyuma ya pazia Riziki akaanza kucheka, akaziba mdomo, kicheko kikatokea puani. Mzee hakucheka.

"Ndege za namna hii pilote wake anakaa mbele," akasema. "Nimewafunga mikanda mimi mwenyewe, kwa mikono hii." Akaiweka mezani taratibu. "Rangi ni safi. Sijaona rangi kama hii. Lakini ameipaka vizuri mahali si pake. Sasa nikimupa Riziki, naye akishika jambo kinyume, nani ataligeuza?"

Nikaanza kukusanya kanga yangu. Mimi sikai kwa watu nikaambiwa mtoto wetu hafai, tena kwa ajili ya kiti. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumweleza mzee yule kwamba huko Kalemie labda hata mitumbwi inakwenda kinyumenyume, Djibril akaniwekea mkono begani.

"Shangazi, kaa kwanza." Halafu akaita kuelekea pazia, "Riziki, nisaidie maji ya moto kwenye kikombe. Na kitambaa."

"Unataka kufanya nini?" mzee akauliza.

"Kuligeuza."

"Utaivunja."

"Labda. Lakini utakuwa unaangalia."

Riziki akaleta kikombe. Hawakutazamana usoni. Djibril akatoa mfukoni wembe, msasa, brashi, kole na vichupa vyake vya rangi, maana hatembei bila hivyo. Akalowesha ncha ya kitambaa, akaipitisha pembeni mwa kioo, akangoja, akaipitisha tena. Kole ya wanafunzi haipendi maji ya moto. Kioo kikaachia, kizima. Mzee Mulamba akasogeza kiti chake kidogo.

Viti vilikuwa kazi nyingine. Kole ya fundi viatu haina adabu. Djibril akaingiza wembe chini ya kiti cha mbele, akasukuma, kukasikika mlio, na mguu wa abiria ukabaki sakafuni.

"Abiria amevunjika mguu," nikasema.

"Abiria atapona," mzee akajibu, bila kunitazama. "Sukuma kutoka kushoto, kijana. Kushoto kuna nafasi. Ehe, hivyo."

Hapo nikajua sauti ya mzee imebadilika, nikaweka kanga yangu chini.

Pilote akaja mbele, abiria wa mguu mmoja akaenda nyuma. Usukani ukahama. Lakini ubao wa saa ulipofika mbele, ulikuwa mwembamba sasa, umeacha pengo kila upande. Djibril akautazama. Jasho likamtoka hata kwenye ndevu. Mimi ndiye niliyesema upunguzwe, na kupunguza ni kazi nzuri, lakini kuongeza ni shughuli.

"Vile vijiti vilivyoshika vipande," mzee akasema, "ulivitupa?"

"Ninacho kimoja. Nakorogea rangi."

"Kilete basi. Ni plastiki ile ile."

Wakakata vijipande viwili vyembamba kama kucha ya mtoto, wakavigandisha pembeni mwa ubao, wakasugua, wakapaka nyeusi. Hapo ndipo mzee alipoanza raha yake. Akapasua kijiti cha mchikichi akafanya koleo, akaushikilia ubao kwa hicho, na Djibril akapaka.

"Hii ya kona ni ya mafuta. Weka nyekundu chini, kidogo sana. Zile ndege zetu, hii ndiyo ilikuwa inasema uongo kila siku."

"Hivi?"

"Kidogo zaidi. Usipumue."

Wali ukaletwa na mukeke wa kukaanga. Mimi nikala, nilikuja kuposa, sikuja kufunga. Wao hawakunawa hata mikono. Nikaona si heshima jambo letu kulala hapo, nikakohoa, nikaanza yale maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga tangu Rumonge.

"Mzee, sisi tumekuja kwenu kwa heri, tumeona ua katika nyumba hii..."

"Ngoja, Mama Nasoro. Hii saa ya katikati imepinda."

Nikangoja. Nikaanza tena, nikaambiwa tena ningoje, safari hii na Djibril, mtoto niliyemlisha. Mwishowe pazia likafunguliwa, Riziki akatoka amefunga kitambaa chake kipya kichwani, mikono kiunoni.

"Baba mudogo," akasema, "mimi nimeolewa ao sijaolewa? Wali umepoa."

Mzee Mulamba hakuinua kichwa. Alikuwa ameshusha ubao ndani ya chumba cha pilote kwa lile koleo lake, na ulikuwa unakaribia kukaa.

"Umeolewa," akasema. "Usitikise meza."

Nikajaza pumzi ya kupiga kigelegele, na wote wawili wakainua mikono kwa pamoja, kwamba rangi bado mbichi. Nikamshika Riziki mkono tukatoka uani, na huko tukapiga cha kusikika hadi barabara ya lami. Majirani wakaja wanauliza ni nani, wanataka kumuona bwana harusi. Tukawaambia wakae, wale wali kwanza. Bwana harusi alikuwa ameshikilia kioo kwa vidole viwili, na baba mkwe amemkataza kuachia mpaka kole ishike.