Jiko Jipya la Mama Sikujua

Melania aliporudi mtoni na debe la pili la maji, mafiga hayakuwepo.

Asubuhi ile aliyatoa jikoni kwa mikono yake mwenyewe, moja moja, akayapanga chini ya upenu na kuyafunika kwa gunia kuukuu la pamba. Alimwambia fundi Donatus asiyaguse. Sasa gunia limetupwa pembeni, na Donatus amepiga magoti mle jikoni anasawazisha udongo juu ya msingi.

"Fundi, mawe yaliyokuwa pale nje yako wapi?"

"Yamo humu," Donatus alisema, akaugonga msingi kwa mpini wa mwiko wake. "Kifusi kilipungua. Lile kubwa nimelipasua, limekaa vizuri sana."

"Si nilikwambia usiyaguse?"

Donatus alisita. "Mimi nilidhani unasema matofali."

Melania alilitua debe chini. Maji yalikuwa yamemmwagikia begani na mgongoni. Alitazama msingi ule uliokwisha kandikwa, asijue amwambie fundi abomoe au aendelee. Kubomoa kusingeliunga jiwe lililopasuka. Akamwambia aendelee.

Huo ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa hamsini na nne, katika kijiji kimoja nje kidogo ya Mhunze, huko Kishapu. Pamba ilikuwa imeshauzwa na upepo wa kiangazi ulishaanza kuzoa vumbi uwanjani. Mume wa Melania, Mabula, alikuwa mgodini Geita, kwenye dhahabu, na kwao alikuja mara mbili kwa mwaka. Mji aliuacha mikononi mwa mkewe, na mkewe alimwacha machoni pa mama yake, Nyanzobe, aliyekaa kwa mwanawe mwingine ng'ambo ya korongo.

Mafiga yale yalikuwa ya Nyanzobe. Juu yake alimpikia mumewe mpaka mumewe akafa. Juu yake alichemsha maji ya kuwaogesha watoto sita, akawazika watatu. Siku Melania alipoingia katika mji ule kama bibi harusi, Nyanzobe aliyaleta yote matatu, akayapanga mwenyewe katikati ya jiko, akawasha moto wa kwanza, akasema, "Hapa pasipoe." Hakusema zaidi ya hapo. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na hilo ndilo lililomtia Melania woga tangu siku ile. Mtu anayefoka unajua amefika wapi. Nyanzobe alinyamaza, ukabaki kukisia.

Lakini mwaka uliotangulia, Sikujua, mtoto wa Melania, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Melania alitoka jikoni kuchota unga ghalani, mara moja tu. Mtoto alijikwaa kwenye figa akaangukia mkono wa kulia katikati ya makaa. Kidonda kilipona baada ya miezi miwili, ila vidole viwili vilijikunja vikagoma kunyooka. Tangu hapo Melania hakupika tena kwa amani. Alimfunga mtoto mgongoni hata alipokuwa mzito, na kila kuni ilipopasuka moyo wake ulipasuka nayo. Ndipo alipokumbuka jiko aliloliona kwa masista wa misheni alipokuwa msichana akisoma mafundisho: moto umeinuliwa juu ya matofali, mtu anapika amesimama, na moshi unapanda kwenye dohani ukatokea juu ya paa. Alimwandikia Mabula. Mabula akajibu kwa mistari miwili kwamba afanye, na kwamba Donatus, aliyejifunza uashi kule kule mgodini, amerudi kwao. Kwa Nyanzobe hakuandika mtu. Melania alijiambia atamweleza kazi ikiwa imekwisha, aione kwa macho. Ukweli ni kwamba aliogopa kukatazwa.

Kazi ikaisha. Donatus alipaka saruji juu ya jiko na sakafuni, akatoboa dirisha upande wa mashariki, akapandisha dohani nje ya ukuta mpaka ikaupita mgongo wa paa kwa mkono mzima, ili cheche zisiangukie nyasi. Lilikuwa jiko zuri. Melania alilizunguka kama mgeni, asithubutu hata kuegemea.

Jirani yake, Eufrasia, ndiye aliyempa shauri. "Mawe ya mlimani ni mawe tu. Okota matatu, yapake masizi, yaweke pale chini ya upenu. Mama mkwe wako macho yake yamezeeka."

Melania alikwenda. Alichagua mawe matatu kwenye kilima nyuma ya boma la ng'ombe, akayafikisha nyumbani kwa safari tatu, akakaa uwanjani na kuyasugua kwa masizi ya sufuria. Yalipokuwa meusi aliyapanga, akarudi nyuma hatua chache kuyatazama. Yalifanana kabisa na mafiga. Akaona aibu. Kabla jua halijachwa alikuwa ameyarudisha yote kilimani, na mikono yake ilibaki myeusi mpaka kesho yake.

Siku ya kuonyesha jiko ikawa Jumapili, baada ya sala. Melania alipika nsansa, mboga ya majani makavu, mapema ili abakize ugali tu wa kusongwa mbele ya wageni. Alifagia uwanja mara mbili. Eufrasia akaja na wanawake wengine watatu wa jirani. Wa mwisho kufika alikuwa Nyanzobe, mdogo wa umbo, kanga imefungwa juu ya kifua, fimbo mkononi.

Melania alipiga goti, akamwamkia mama mkwe kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," alijibu Nyanzobe, akapita.

Wanawake waliingia, wakashangaa kwa sauti za chini. Mmoja aliinama akagusa sakafu kwa kiganja. Mwingine aliingiza kichwa chini ya dohani akauliza mvua ikinyesha itakuwaje. Eufrasia, aliyeliona jiko mara kumi, alisifu kuliko wote. Nyanzobe alisimama katikati, pale pale mafiga yalipokuwapo, akatazama chini kwenye saruji. Kisha akatazama upenuni kupitia mlangoni.

"Mafiga yako wapi?"

Eufrasia akafungua kinywa. Melania akamtangulia.

"Yamo ndani ya msingi, mayu. Fundi aliyatia nilipokwenda mtoni. Moja alilipasua." Alijisikia akiendelea kusema, maneno yakikimbizana. "Sikuwa nimemtuma. Jiko lenyewe nililitaka kwa ajili ya mkono wa mtoto. Ule moto wa chini, mayu, tangu Sikujua aungue..."

"Mkono wa mtoto usinieleze," Nyanzobe alisema. "Nilimbeba mimi mpaka zahanati. Alilia njia nzima."

Nje kuku alikuwa anaparua mchanga.

"Miezi miwili fundi anapita njia hii na matofali," Nyanzobe aliendelea, sauti ile ile. "Habari ya jiko la mwanangu nimeipata mnadani, kwa watu wanaouza mbuzi. Ulidhani ningekataa?"

Melania alitazama vidole vya miguu yake.

"Haya, pika tuone."

Akabandika sufuria juu ya vyuma viwili ambavyo Donatus alivilaza juu ya moto. Maji yalichemka upesi, na kwa muda moshi ulipanda vizuri. Lakini alipotia unga wa mtama na kuanza kusonga, sufuria ilizunguka pamoja na mwiko. Mtu anayesonga ugali chini hukaa kigodani akaibana sufuria kwa mti na mguu. Hapa mguu ungefika wapi? Aliishika kwa kitambaa, ikamchoma. Upepo ukageuka ghafla, dohani ikatema moshi wote ndani, wanawake wakaanza kukohoa. Nyanzobe alisogea, akamnyang'anya mwiko, akajaribu mwenyewe. Ukingo wa sufuria ulimfika kifuani. Alisonga mara mbili, tatu, mikono imeinuliwa kama mtu anayeanika nguo, kisha akauweka mwiko chini.

"Nani alipima urefu huu?"

"Fundi, mayu. Alipimia kiuno chake."

Nyanzobe akachukua fimbo yake. Ugali ulipoiva wenzake walinawa wakala, lakini yeye alikwisha vuka korongo. Hakuonja hata tonge. Mama mkwe kutoka katika mji wa mwanawe bila kula ni jambo ambalo kijiji kizima kitalijua kabla ya machweo, na ndivyo ilivyokuwa.

Siku nne zilizofuata Melania hakulala usingizi wa maana wala hakula chakula cha maana. Aliwaza kwamba Nyanzobe atamwita Mabula kutoka mgodini. Aliwaza kwamba wazee wataketi. Alichukua karatasi kumwandikia mumewe, akaandika salamu, akaishia hapo. Alipokwenda mtoni wanawake walipunguza sauti. Jikoni alipika ugali mwepesi kama uji, kwa kuogopa kuisonga ile sufuria, na kila upepo ulipovuma alitoka mbio nje kutazama kama nyasi za paa hazijashika cheche.

Siku ya tano, jua likiwa bado halijawa kali, aliona watu wawili wakipanda kutoka korongoni. Mbele alikuwa Nyanzobe, na beseni kichwani. Nyuma yake alikuwa Donatus, amebeba nyundo na matofali machache, ameinamisha kichwa kama ng'ombe aliyevunja kitalu cha mtu.

Melania alipiga goti.

"Nimekwenda kwake jana," Nyanzobe alisema. "Nimemwambia, uliyepasua kitu cha watu bila kuuliza, njoo umalize kazi yako. Simama pale."

Alimsimamisha Melania mbele ya jiko, akasimama mwenyewe kando yake, akamwonyesha Donatus kwa ncha ya fimbo mahali kiuno cha mwanamke kilipo. Donatus hakubisha. Alijenga kidato cha matofali mbele ya jiko, cha kupandia, na juu ya dohani akaweka kofia ya bati upande upepo unakotoka. Alipotaka kuweka chuma cha kushikia sufuria, Nyanzobe alikataa. Ndani ya beseni lake mlikuwa na udongo wa kichuguu uliokwisha kandwa. Alikunja kanga, akapanda kidatoni, akaufinyanga udongo ule kuzunguka mdomo wa moto, akiizungusha sufuria, akiibana, akiitoa, mpaka ukingo ukaikamata pande zote. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Melania alimpa maji, akamshikia beseni, asijue kama amesamehewa au anangojewa aombe radhi.

"Mayu," alisema mwishowe, "nilikosa kwa kutokukwambia."

"Ulikosa," alijibu Nyanzobe bila kugeuka. "Nililala na hasira siku tatu. Leta maji mengine, huu umeanza kukauka."

Udongo uliachwa siku mbili ukauke, na siku zote mbili Nyanzobe alilala pale pale, kitanda kimoja na Sikujua. Siku ya tatu alisonga ugali mwenyewe amesimama kidatoni. Sufuria haikutikisika. Akala, akaomba aongezewe mboga, akaenda zake.

Mabula alipokuja mwezi wa kumi na mbili alikuta wanawake wa vijiji viwili wamekwisha kuja kulitazama jiko, na Donatus ana kazi tatu, kila moja ikipimiwa kiuno cha mwenye jiko. Alimwuliza mkewe kama sasa ameridhika. Melania alisema ndiyo. Lakini aliposema hivyo alikuwa amesimama uwanjani, kiganja juu ya macho, anatazama juu ya dohani, kwa sababu upepo ulikuwa umegeuka.